Uzito wa Andazi

Afisa wa benki kuu aliuonyesha mkutano tarakimu zake ubaoni, akasema bei hazijapanda, kwani andazi bado ni shilingi mia.

"Ila siku hizi Bi Mashavu anatuuzia hewa," mtu akatania. Ukumbi ukacheka.

Bi Mashavu, mpika maandazi aliyechoka kuitwa mwizi, akaenda mbele na mizani. Upande mmoja akaweka andazi, wa pili jiwe la gramu mia, uzito wa andazi la mwaka jana. Andazi likapaa.

"Unga umepanda, mwanangu. Ningepandisha bei, wangenunua hawa?"

"Sisi tuliuliza bei tu, mama," afisa akasema. "Uzito hatukuuliza."

Akafuta tarakimu zake, akampa Bi Mashavu chaki aandike yeye hesabu. Ukumbi mzima ukasimama kumwangalia akiinua mkono kwenye ubao mtupu.