Buluu Mahali pa Kahawia

Kijitaa kilitoka namba tatu kikaruka hadi nane.

Fundi, akiwa juu ya ngazi, aliitazama testa ya kupimia kebo ya mtandao. Kijitaa kikaenda tano, sita, saba, kikamalizia nne. Waya wa buluu ulikuwa umekaa mahali pa waya wa kahawia. Plagi ya mwisho wa kebo aliibana mwenyewe nusu saa iliyopita, na kosa kama hilo hakuwahi kulifanya tangu alipokuwa anajifunza kazi.

Mwenzake wa kazini, aliyeshika nusu ya pili ya testa chini ya ukuta, alimwambia ashuke, yeye atamalizia. Fundi akatikisa kichwa. Redio ya kunasa mtandao, ya kufunga nje, ndogo kama sahani, ilipata umeme kupitia kebo hiyohiyo. Umeme ukipita kwenye waya usio wake, redio ingeungua, na nyingine haikuwepo. Mazishi yalikuwa saa nne.

Uani watu walikuwa wakipanga viti. Nyumba hiyo haikushika mtandao hata kidogo. Ilibidi uvutwe kutoka mnara wa shule, ng'ambo ya bonde. Mama mzazi wa marehemu alikuwa amelazwa nchi ya mbali, madaktari wamemkatalia safari. Aliomba jambo moja tu, amwone mwanawe akizikwa.

Fundi akaikata plagi. Akazinyoosha nyaya nane upya, akizitaja rangi moja moja kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma orodha ya watu asiowajua. Jirani mmoja alimletea chai, akaiweka juu ya tofali. Ikapoa hapohapo. Jirani mwingine, mgeni mtaani, alinong'ona kwamba mafundi wa siku hizi wana roho ngumu. Watu wanalia, na huyu hata shingo hageuzi. Mwenzake wa fundi alimtazama, kisha akarudi kwenye testa.

Wakapima tena. Moja, mbili, tatu, nne, mpaka nane, bila kuruka.

"Pima tena," fundi akasema.

"Iko sawa, kaka."

"Pima tena."

Walipima mara tatu. Ndipo akaiunganisha redio, akaielekeza mnarani, akashuka kuiwasha kamera kando ya kaburi. Kwenye simu yake ukatokea uso wa bibi mmoja, umelala juu ya mto wa hospitali.

"Mama, unaona?"

"Naona, mwanangu."

Akabaki hapo nyuma ya kamera, akiishikilia isitikisike, jeneza likishushwa. Wanawake walilia. Yeye alitazama kioo cha simu tu, kuhakikisha picha haikwami.

Kamba zilipokwisha kutolewa, msemaji wa familia aliinua mkono, watu wakanyamaza. Akamwomba mume wa marehemu asogee, aweke udongo wa kwanza.

Fundi akamkabidhi mwenzake kamera.