Mchezaji wa Kaunti

Mghoi alipiga pasi gauni la binti yake mara mbili, na bado aliona mkunjo. Leo Wakesho, mwenye miaka sita, alikuwa anaanza kazi katika bustani ya kaunti. Kaunti nzima ilibaki na watoto kumi na wanane, na Idara ya Bustani na Burudani ilikuwa imechagua wanne wa kucheza hadharani, ili watu wazima wasisahau sauti ya mtoto anayecheza.

Kufikia saa tatu asubuhi, viti vyote vilikuwa vimejaa. Wakesho alipanda bembea, akapaa juu, akacheka mpaka kiatu kikamchomoka. Watu wakashangilia. Mzee mmoja alijifuta machozi kwa kofia yake.

"Huyo ni wako, mama?" mzee akamuuliza Mghoi, aliyeketi kando yake.

"Wangu wa kumzaa," Mghoi akajibu, kifua mbele.

Ofisa wa idara, Bwana Mwakio, akaja kumpa mkono. "Hongera sana. Umetuzalia hazina."

Mghoi alirudi nyumbani akitembea kama bibi harusi. Jioni akatoa mpira uliokuwa juu ya kabati, akausukuma sebuleni. "Haya, binti yangu, tucheze."

Mpira ukabiringika hadi miguuni pa Wakesho. Hakuugusa. Alitazama kila upande wa chumba, kisha akauliza kwa adabu, "Mama, nani anatutazama?"

Mghoi akavuta kiti, akaketi, akaanza kupiga makofi. Ndipo mtoto akaupiga mpira, akacheka.