Bega la Mwanahawa

Tangu augue ugonjwa uliomwachia mikono ya kutetemeka, Sudi hakuwa amepiga picha hata moja iliyotulia. Asubuhi hiyo alikwenda na mkewe, Mwanahawa, nyuma ya posta, ambako mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota cha tope chini ya paa na kuangua makinda wanne. Mara tatu mama yao alileta wadudu, na mara tatu picha ikatoka ukungu mtupu.

"Twende nyumbani, Mama Salma," Sudi alisema. "Kamera hii tumpe mtu mwenye mikono."

"Mikono unayo. Unachokosa ni egemeo." Mwanahawa akasimama mbele yake, akampa mgongo, kisha akalipigapiga bega lake kwa kiganja. "Weka hapa."

"Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Weka."

Sudi akaiegemeza kamera begani kwa mkewe, nayo ikatulia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi aliuona ukingo wa kiota waziwazi, hata nyasi zilizochanganywa na tope. Akajua safari hii ataipata.

"Usipumue kwanza," alinong'ona.

"Sipumui. Wewe angalia ndege wako."

Kivuli chembamba kikapita ukutani. Makinda wote wanne wakanyoosha shingo na kuachama, midomo yao ya manjano ikitetemeka kwa njaa, na mama yao akatua ukingoni na kereng'ende mdomoni. Mwanahawa akafumba macho. Kidole cha Sudi kikaanza kushuka, bila haraka.