Sumu Katika Chipsi

Gikonyo alibadilisha sahani kwa wepesi wa mwanafunzi wa bweni aliyeona mkate usio na mlinzi, kisha akakaa wima kama mzee wa kanisa.

Mkewe, Wachuka, alikuwa jikoni akifuata maji ya kunywa. Kila siku aliandaa meza, akasahau maji, akakawia.

Akarudi. Mbele yake palikuwa na chipsi na soseji alizompakulia mumewe. Mbele ya mumewe, nduma za kuchemsha, maharagwe ya njahi na mchicha aliojipakulia mwenyewe. Wachuka akaketi. Alitafuna chipsi tatu, zilizobaki akawapelekea kuku.

Gikonyo akatikisa kichwa. Mtu asiye na hatia angezimaliza.

Ushahidi ulikuwa mzito. Kwa miaka walipigana vita vya nduma. "Mimi si ng'ombe wa kulishwa majani!" alinguruma. Kisha daktari wa sukari hapa Nyeri akampa miezi mitatu: asipopata nafuu, ni sindano kila siku. Jioni hiyo hiyo Wachuka akaleta chipsi, akatabasamu. "Kula, mpenzi."

Mke wa miaka thelathini ya ndoa hakuiti mpenzi bure, hasa ukiwa na shamba la majani chai kule Kangema.

Basi akawa anakula cha mkewe. Lakini mwezi wa pili suruali zikaanza kumporomoka. Zamani, saa moja baada ya chipsi, tumbo lilidai mkate na soda. Sasa akila mchana, njaa ilimsahau hadi jioni. Hamu ya kula ilikuwa ikifa! Bila shaka sumu ilikuwa ikiruka kutoka sahani hadi sahani.

Siku ya kliniki alificha chipsi sita ndani ya kopo, akamkabidhi daktari wake, Aaliya.

"Pima hizi. Mke wangu, Mama Muriithi, ananimaliza."

Daktari alizinusa, akafunika kopo. Akampandisha kwenye mizani: kilo tisa zimetoweka.

"Si unaona?" Gikonyo akanong'ona.

Daktari akampima damu, akaitazama karatasi ya majibu mara mbili. "Mzee, sukari imeshuka. Mambo ya sindano tuachane nayo."

"Ati nini? Na sumu je?"

"Ningoje nje kidogo."

Gikonyo alitoka, lakini sikio akaliacha mlangoni. Daktari alikuwa kwenye simu, akijizuia kucheka.

"Mama Muriithi, bado anakuibia? Vizuri sana. Sasa anza kupunguza chumvi kwenye sahani yako."