Kahawa ya Mgeni

Edvina, mke wa mdogo wangu, alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo cha marehemu mama. Alipiga goti kabisa.

"Karibu, shemeji. Umetutembelea."

Huku kwetu Muleba mgeni ndiye anayepokelewa kwa kahawa. Mtu wa nyumbani anajichukulia mwenyewe.

Asubuhi ile nilikuwa nimeruhusiwa kutoka wodi ya wagonjwa wa akili, Bukoba, baada ya miaka minne. Daktari alisema dawa zimenikubali, sasa nahitaji nyumbani tu. Nikamuuliza, asiye na nyumbani mnampeleka wapi? Akasema, "Si una ndugu?" Madaktari wote husema hivyo. Nimewasikia tangu nilipolazwa mara ya kwanza, mwaka 2009, na sijamsahau hata mmoja.

Nilitazama zile punje sita kiganjani.

"Chumba changu kiko wazi?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Kina magunia ya kahawa, kaka. Ila basi la jioni lipo, hutachelewa."

"Nichelewe wapi?"

Edvina akageukia migomba.

Chumba kile nilikijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Nikarudisha kahawa kikapuni, punje moja moja, nikaenda kufungua mlango. Nikaanza kutoa magunia, taratibu, nikiyapanga kibarazani yasije yakalowa.

Nilipobeba la tatu, nilimsikia mdogo wangu akinong'ona kwenye simu.

"Ile hali imemrudia. Njooni haraka, na kamba."