Bangili ya Sayansi

Sheria ilipomtaka kila mtu achague upande mmoja, Imani au Sayansi, mwalimu Aikande alivaa bangili ya Sayansi, iliyopeleleza kila neno la mvaaji, kwa kuwa hospitali haikupokea watoto wa Imani na mwanawe Tumsifu alikuwa hoi kwa kifua. Darasani alifundisha jinsi viumbe walivyobadilika polepole. Moyoni alimshukuru aliyewabadilisha. Bangili haikusikia moyo, ilisikia mdomo tu.

Tumsifu alirudi mzima. Ugali ulipotengwa, Aikande alifumba macho kwa mazoea, akayafumbua upesi.

"Mama, ni daktari tu aliyeniponya?"

"Ndiye."

"Basi yule niliyekuwa namwomba kule wodini hakuwepo?"

Taa ya bangili ikawaka, ikisubiri jibu lake.

"Hakuwepo, mwanangu. Kula."

Tumsifu akamega tonge, akala macho wazi.