Firigisi ya Mwenye Boma

Mume wangu Shitanda alivuta pakiti yangu ya dawa za moyo hadi upande wake wa meza, akaiweka juu ya yake.

"Si daktari alisema nyinyi wanawake mkishikwa na huu ugonjwa mnaishinga miaka mingi kuliko sisi?" alisema. "Wewe unaweza kungojea. Kliniki ikipata zingine, utachukua."

Kweli daktari alisema hivyo asubuhi ile. Ila alianza na "kwa kawaida", na Shitanda hilo hakulisikia.

Kila siku huwa nainama kumbonyeza miguu iliyovimba, nione kama maji yamepungua. Safari hii niliubonyeza mguu wangu. Kidole gumba kikaacha shimo kama kwenye obusuma, ugali wa moto. Nilingoja lijae. Halikujaa.

"Nyinyi ni wagumu," akaendelea, akinawa mikono. "Mama yangu alimzika baba, akalima miaka mingine ishirini."

Nilikuwa nimepika kuku bila chumvi, kama tulivyoagizwa. Firigisi ilikuwa kwenye sahani yake. Miaka thelathini na moja nimeosha firigisi, nimepika, nimempakulia, na ladha yake siijui. Kwetu hiyo ni ya mwenye boma, mwanamke haionji.

Nilinyoosha mkono, nikaitia mdomoni.

"Wewe mama! Hiyo—"

"Ngojea," nilimwambia huku nikitafuna. "Tukichinja mwingine, utachukua."

Ilikuwa ngumu, haina chumvi. Nikaimeza. Kisha nikanyoosha mkono tena, kwenye pakiti yangu ya dawa.